Mshenga na Taa ya Kushoto

Fredrick wa Misigiri aliteuliwa kuwa mshenga kwa sababu moja kubwa ambayo wengi waliiogopa kuitamka: alikuwa na gari. Hekima alikuwa nayo, hilo halina ubishi, lakini hata binamu yake Sixbert alikuwa nayo, na tena ya Sixbert ilikuja na maneno mengi zaidi. Kikao cha ukoo kilipima hekima ya huyu na hekima ya yule mpaka uji ukaisha kwenye sufuria, ndipo Martha, dada yake Fredrick na mama wa kijana anayetaka kuoa, akasimama.

"Sixbert tulimtuma mwaka ule," alisema. "Akaongea vizuri sana. Aliongea vizuri mpaka tukajikuta tumeahidi ng'ombe ambao hata mama zao walikuwa hawajazaliwa."

Watu waliinamisha vichwa kwa kuwakumbuka ng'ombe wale.

"Kwa hiyo kwa Shukuru wangu ataenda Fredrick. Ana gari lake, atatangulia mbele kama mshenga anavyotakiwa. Ila sikiliza, Fredrick. Sixbert atakuwa kwenye basi, nyuma yako. Ukitutia aibu, neno atalisema yeye."

Sixbert akakohoa, kikohozi cha mtu aliye tayari.

Jambo hili halikuwa dogo. Binti aliyependwa, Aneth, alikuwa wa Kinyangiri, na baba yake, Mzee Elisha, alijulikana kwa kushika desturi kama wengine wanavyoshika kazi ya serikali. Kwake mshenga ndiye anayetangulia kuingia uani. Anapiga hodi, anaulizwa amepotelewa na nini, anajibu kwamba wameona mtamba mzuri akiingia boma hili, na wengine wote wanasubiri nyuma yake wakiwa na sura za watu wasiojua kinachoendelea. Wageni wakitangulia na mshenga akafuata, hiyo si posa tena. Hiyo ni matembezi.

Fredrick alirudi nyumbani akiwa amenyooka mgongo kuliko alivyoondoka. Akalizunguka gari lake, kigari cheupe cha umri mkubwa, akasimama nyuma yake kwa huzuni. Taa ya kulia ilikuwa imepigwa pembe na mbuzi, na tundu lake lilizibwa kwa kipande cha beseni jekundu. Ya kushoto ilikuwa nzima, ila ndani yake kulikuwa na maji, na ndani ya maji kulikuwa na mdudu ambaye hakuna aliyejua aliingia lini.

"Ukoo mzima utakuwa nyuma yangu njia nzima," alimwambia mkewe, Kristina. "Utakuwa unatazama nini? Utakuwa unatazama makalio ya gari langu."

"Mimi ningetazama njia," alisema Kristina.

Fredrick akapanda basi mpaka Singida Mjini, akarudi na taa mpya mbili kwenye boksi, kioo cheupe kinachong'aa, nyekundu ya breki juu na njano ya indiketa chini. Hazikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya gari lile hasa. Zilikuwa, kwa maneno ya muuzaji, "zinaingia tu." Na kweli ziliingia, baada ya kusukumwa kwa goti.

Kila taa ilikuja na waya mweusi wenye kipete cha chuma mwishoni, wa kufungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Mafundi huuita ethi. Umeme ukishafanya kazi yake kwenye taa, hurudi kwa njia hiyo. Upande wa kulia Fredrick aliufunga penye chuma kitupu, mambo yakaisha. Upande wa kushoto alikuta kutu, na Fredrick alikuwa adui wa kutu. Akachukua rangi nyeusi iliyobaki kwenye geti, akapaka pale. Ilipokauka akapaka juu yake mafuta ya alizeti.

Hapa inabidi ieleweke kwamba Fredrick alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na imani yake kwa mafuta hayo haikuwa na mpaka. Yalishapakwa kwenye bawaba za milango, nyufa za visigino, cherehani, pua ya ndama mwenye mafua, na mara moja redio, ambayo tangu siku hiyo ilinyamaza kwa heshima. Kwa hiyo akachovya bolti kwenye mafuta, akachovya kipete, akafunga, akajifuta mikono kwenye suruali ya kazi na kumwita mkewe.

"Mama Editha! Njoo usimame nyuma, uniambie unachoona!"

Kristina akaja na unga mikononi. Fredrick akaingia nyuma ya usukani.

"Unaona nini?"

"Naona gari."

"Taa, Mama Editha! Nimewasha indiketa ya kulia."

"Inakonyeza. Taratibu, ina adabu."

"Na kushoto?"

"Inakonyeza mbio mbio. Kama imeingiwa na pilipili."

"Hebu nikanyage breki."

Kristina aliinama, akainuka, akainama tena.

"Kulia nyekundu safi. Kushoto nyekundu ya kizembe, imefifia. Na ile ya njano nayo inachungulia."

"Inachungulia vipi wakati sijaiwasha?"

"Baba Editha, mimi nakwambia kinachochungulia. Aliyekiita simjui."

Fredrick akashuka. Akabadilisha glopu, za kushoto akazipeleka kulia na za kulia kushoto. Ugonjwa ukabaki kushoto. Akatoa fyuzi, akaitazama dhidi ya jua, akaona uzi wake haujakatika, akairudisha. Akafuata nyaya kwa kidole kutoka kwenye taa mpaka zilipozama chini ya zulia la buti, akaona rangi zote ziko mahali pake. Mwisho, kwa hasira, akaukamata ule mkungu wa nyaya na kuutikisa.

"Imepona!" akapiga kelele Kristina. "Nyekundu tupu!"

"Unaona?" alisema Fredrick. "Ilitaka kuonyeshwa mwenye mali ni nani."

"Kitu kilichopona kwa kutikiswa kinaugua kwa kutikiswa. Na barabara inatikisa. Mpelekee Yohana fundi alitazame."

"Gereji ya Yohana imepakana na kwa Sixbert. Nipeleke gari la mshenga pale, Sixbert akae kwenye kigoda chake anitazame, kesho aende kwa Dada Martha aseme gari la Fredrick ni bovu? Hapana."

Akaongeza mafuta ya alizeti kidogo, kwa usalama.

Siku ya safari mawingu yalikuwa yametanda. Fredrick alivaa koti, Kristina akavaa kitenge kipya, wakatangulia mbele kwenye barabara ya lami kuelekea Iguguno. Nyuma yao likafuata basi dogo lililobeba wazee wa ukoo. Aliyeliendesha alikuwa Raymond, mdogo wake Shukuru, kijana mtiifu aliyelelewa kuwasikiliza wajomba. Sixbert alikaa kiti cha mbele, pembeni ya Raymond, akiwa na koti bora kuliko la mshenga.

Sasa, kila anayeendesha gari barabara ile anaijua lugha ya indiketa, na hakuifundishwa darasani. Gari la mbele likikuwashia kulia, maana yake tulia, mbele kuna kitu. Likikuwashia kushoto, maana yake njia nyeupe, pita. Madereva wa malori huongea hivyo mchana kutwa bila kujuana majina, na kijana anayepuuza lugha hiyo huonekana hana malezi.

Na Fredrick alikuwa na mguu wake. Mguu ule haukujua kutulia juu ya breki. Uliigusa na kuiachia, ukaigusa na kuiachia, kama wa mama anayeshona kwa cherehani. Kwa taa zile za zamani haikuwa shida, maana beseni halisemi kitu. Lakini lami ilipoanza kuwa na viraka, gari likatikisika, na kila mguu ulipogusa breki, upande wa kushoto wa gari la mshenga jicho la njano likafumbuka na kufumba. Pita. Pita. Pita.

Fredrick alikuwa katikati ya kufanya mazoezi ya hotuba. "Tumeona mtamba," alisema kwa sauti ya chini, "mtamba mwenye..." Ndipo akasikia honi, akageuka kulia, na kumwona Sixbert akipita kando ya dirisha lake taratibu, mkono umeinuliwa kwa baraka. Nyuma ya Sixbert wakapita wazee wote, mmoja mmoja, wakimtabasamia.

"Wanaenda wapi?" akauliza Fredrick.

"Kinyangiri," alisema Kristina. "Sisi je?"

Fredrick akapiga honi. Raymond, mbele, akadhani ni furaha, naye akajibu kwa honi ndefu zaidi. Fredrick akawasha taa kubwa. Wazee wakapunga mikono kupitia kioo cha nyuma. Akajaribu kulipita basi, na Raymond, kwa malezi mema, akamwashia kulia kwa sababu lori lilikuwa linakuja. Kisha wakaacha lami na kuingia barabara ya vumbi, na hapo hakuna mtu aliyewahi kumpita mtu. Vumbi la basi lilikuwa jekundu na zito, na Fredrick alipunguza mwendo mpaka akapitwa na mwendesha baiskeli aliyebeba kuku.

"Mpigie Raymond," alimwambia mkewe.

Kristina akapiga. Simu ya Raymond ikapokelewa na Sixbert.

"Shemeji, mwambie Raymond asimame, mshenga apite!"

"Mtandao unakatika," alisema Sixbert, kwa sauti iliyosikika vizuri kabisa, na kukata.

Walipofika kwa Mzee Elisha, basi lilikuwa limeshaegeshwa chini ya mgunga. Wazee wa Misigiri walisimama uani wakiwa na sura za watu wasiojua kinachoendelea, na safari hii hawakuwa wanaigiza. Mbele yao Sixbert, mikono imefunguliwa, alikuwa ameshapiga hodi, ameshamwona mtamba, na ameingia kwenye sehemu ya ng'ombe.

"...na kama zizi hili halitatosha, Mzee, sisi wenyewe tutalipanua!"

Fredrick akashuka akiwa mwekundu kwa vumbi kuanzia unyusi mpaka kiatu. Akavua kofia mbele ya Mzee Elisha na shangazi wa binti.

"Shikamoo, Mzee. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," alisema Mzee Elisha, mtu mrefu mwenye fimbo asiyoihitaji. "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mshenga."

"Na huyu anayeongea?"

Damari, shangazi yake Aneth, mama mnene aliyesimama mlangoni kama komeo, akacheka kwa pua.

"Washenga wawili! Basi na waoaji ni wawili? Maana binti tunaye mmoja."

"Shangazi, naomba nieleze," alisema Sixbert kwa unyenyekevu mtamu. "Ndugu yangu alichoka njiani. Akatuonyesha kushoto tupite. Si mara moja. Kila mtu ameona."

"Sikuwasha kushoto!" alisema Fredrick.

"Mjomba, uliwasha," alisema Raymond, akitazama viatu vyake. "Kushoto, kushoto, kushoto. Nikasema labda tumbo linamsumbua mjomba, anataka kusimama bila kuonwa."

Wanawake wa Kinyangiri walijifunika midomo kwa khanga. Fredrick aliwaza uso wa Martha. Akawaza Shukuru, aliyekaa Misigiri akisubiri simu, na lile zizi litakalopanuliwa kwa ng'ombe ambao kijana atawalipa mpaka awe na mvi.

Mzee Elisha hakucheka. Kabla ya kurudi kulima alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, na masuala ya barabara aliyachukulia kama wengine wanavyochukulia maandiko.

"Sikilizeni," alisema. "Mtu akikupa njia kwa hiari yake, ameachia. Kama huyu aliwapa njia ya kuja kwangu, ameachia ushenga, na atakayesema ni huyu mwingine. Hiyo ndiyo haki. Lakini kama mkono wake haukuwasha, basi ni gari lililosema uongo, naye bado ni mshenga. Tutalitazama gari."

"Nakanyaga breki, mtaona," alisema Fredrick akikimbilia mlango.

"Wewe usikanyage!" alisema Sixbert. "Utatumia ujanja. Nitakanyaga mimi." Na akaingia mwenyewe nyuma ya usukani, akakunja koti lake vizuri chini yake, akaweka mguu.

Koo zote mbili zikajipanga nyuma ya kile kigari.

"Kanyaga!" aliamuru Mzee Elisha.

Nyekundu kulia. Nyekundu kushoto. Safi, angavu, bila kasoro. Njano ilikuwa imelala kama mtoto aliyeshiba.

"Aaah," wakasema wazee wa Misigiri, kwa masikitiko. Sixbert akatoa kichwa dirishani, akatabasamu. Fredrick aliitazama taa ile kwa chuki ambayo hajawahi kumtazama nayo binadamu.

"Mzee," alisema Kristina, akipiga goti kidogo, "naomba ruhusa. Gari hili likitulia linakuwa na tabia nzuri. Ubaya wake unatoka likitikiswa."

"Litikiseni," alisema Mzee Elisha.

Wakalishika, wa Misigiri upande huu na wa Kinyangiri upande ule, wakalitikisa mpaka kofia ya Sixbert ikamwangukia machoni. Na katikati ya mtikiso ule nyekundu ya kushoto ikafifia, na chini yake, taratibu, njano ikachungulia, hafifu kama chai iliyokosa majani.

"Hiyo! Hiyo!" akapaza sauti Kristina.

"Achia," alisema Mzee Elisha. Njano ikafa. "Kanyaga." Ikarudi. "Achia. Kanyaga." Pita. Pita. Raymond akajishika kichwa.

"Ndiyo hiyo hiyo, mjomba! Ndiyo niliyoiona!"

"Gari limesema uongo," alitangaza Mzee Elisha. "Wewe huko ndani usiachie. Mshenga, fungua buti."

Wakaingiza vichwa ndani ya buti, Fredrick na baba wa binti, bega kwa bega. Mzee Elisha akaufuata waya mweusi mpaka kwenye bolti, akaigusa, akanusa kidole.

"Umepaka nini hapa?"

"Mafuta, Mzee."

"Mafuta gani?"

"Ya alizeti."

"Na chini yake?"

"Rangi. Ya geti."

Mzee Elisha akakifuta kidole kwenye zulia la buti. "Kijana wangu, umeme wa breki ukishawasha taa unataka kurudi kupitia hii bolti. Wewe umeupakia rangi, ukaupakia na mafuta, umeuwekea geti kweli. Sasa ufanyeje? Unapita kwa jirani. Unaingia kwenye waya wa indiketa, na ukipita huko unawasha njano." Akatoa kichwa nje. "Damari! Leta kisu kisichopendwa."

Damari akaleta kisu. Fredrick akafungua bolti na kuanza kukwangua, na Mzee Elisha akaushika ule waya pembeni usimsumbue. Rangi ilitoka kwa shida, ikifuatwa na mafuta yaliyoganda kama gundi. Mle ndani ya buti kulikuwa na joto, na sauti za nje zilisikika kwa mbali. Mzee Elisha akaanza kuongea kwa Kinyiramba, polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Yule wa mbele amenitajia ng'ombe mpaka nikaogopa watakunywa wapi. Wewe umekuja na nini?"

Fredrick aliacha kukwangua. Hotuba yake yote ilikuwa imebaki kwenye vumbi, hakuikumbuka hata neno.

"Mzee, kijana ana shamba la alizeti na la vitunguu. Ng'ombe anao wachache, unaweza kuwaita kwa majina. Mbuzi wapo. Anampenda binti yako kiasi kwamba tangu jana hajala. Hayo ndiyo niliyo nayo."

"Majina ya ng'ombe unayajua?"

Fredrick akayataja, akikwangua. Mzee Elisha aliuliza juu ya mmoja, aliyeitwa kwa jina la mwenyekiti wa kijiji, ana tabia gani. Fredrick alisema ni mkaidi lakini ana maziwa. Wakaongea juu ya huyo mkaidi. Wakaongea juu ya mbuzi. Chuma kilipoanza kung'aa, Mzee Elisha alitaja kile anachokitaka, kwa sauti ya chini, na Fredrick akaomba kipunguzwe kidogo, na Mzee Elisha akasema mbuzi dume mmoja anaweza kusamehewa kwa sababu ya kazi ya mikono iliyofanyika leo.

Fredrick akafunga kipete juu ya chuma kitupu, akakaza kwa spana.

"Niachie?" ilisikika sauti ya Sixbert kutoka mbele. "Mguu unakufa ganzi!"

"Kanyaga!" walisema wote wawili kwa pamoja, bila kutoa vichwa.

Gari likatikiswa tena, kwa nguvu zote za koo mbili. Nyekundu ikasimama imara, na njano haikuthubutu. Mzee Elisha akajinyoosha, akaifuta mikono yake kwa leso, akampa Fredrick mkono mbele ya watu wote, na Damari, aliyejua maana ya mkono ule, akapiga kigelegele kilichowaamsha mbwa wa boma zima.

"Sasa rudi kule kwenye njia," alimwambia Fredrick, "uje mbele ya wenzako upige hodi kama mtu mwenye akili. Mambo ya ndani ya buti hatuyajui sisi."

Fredrick akarudi njiani, akatangulia, akapiga hodi. Alipoulizwa amepotelewa na nini, akasema mtamba, na akaulizwa maswali yote kana kwamba ndiyo kwanza afike, akajibu kwa maneno machache, kwa sababu mengi hakuwa nayo. Aneth aliitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa, akasema anawajua. Vyakula vikatoka jikoni, wali na kuku, na wazee wa Misigiri wakapewa viti vya kuegemea.

Kristina alijitwalia sahani yake, akaenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya kile kigari, akaitazama taa ya kushoto. Ilikuwa nyekundu, tulivu, na yenye afya.

"Shemeji!" aliita Sixbert kutoka kwenye usukani. "Vipi huko? Niachie?"

Kristina akatafuna kwanza.

"Bado kidogo, shemeji. Ukiachia sasa itabidi waanze upya kabisa."

"Na wenzangu wako wapi? Mbona nasikia vijiko?"

"Wanakusubiri wewe," alisema Kristina, na akavuta kigoda chake chini ya mgunga.